Kistari cha karani

"Kaka, bei ipo. Ni elfu kumi. Sasa hii sufuri inatoka wapi?"

Alinigeuzia kompyuta. Tulikuwa barazani Kirumba, Mwanza, pale ambapo kelele za mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, zinafika lakini maji hayaonekani, saa ile ya jioni upepo wa ziwani unapokata na harufu ya dagaa inatua mahali pamoja kama mgeni asiyeaga. Wadudu wa ziwani walikuwa wameanza kuizunguka taa. Kwenye skrini, programu ilikuwa imesimama mstari wa 41. Alikuwa ameiuliza dibaga, ile programu ya kuisimamisha programu nyingine na kuchungulia ndani yake: `bei` ni ngapi? Ikamjibu: 10000. Pembeni kulikuwa na stakabadhi iliyojikunja: sangara, daraja la pili, kilo 12.45, jumla shilingi 0.

Hesabu ya darasa la tatu. Kilo kumi na mbili na ushee mara elfu kumi haiwezi kuwa sufuri.

Kwa siku tatu binti huyu, aliyekuja kwangu kujifunza kazi, alikuwa ameamini alichoambiwa. Bei ni nzima, basi ugonjwa uko kwenye kuzidisha. Akaifumua sehemu ya kuzidisha, akaisuka upya, akaifumua tena. Sehemu ile haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Bei ndiyo iliyokuwa sufuri.

Dibaga ilimdanganya. Aliyeifundisha kudanganya ni mimi, kwa mistari kumi na moja niliyoiandika usiku mmoja nikijiona nimetenda wema. Hii ni wiki ya sita na bado jambo hili halijanitoka kooni.

## Lugha ya watu wanne

Wanaonifuatilia wanaijua Mzani, lugha yangu ndogo ya kuandikia kanuni za bei. Kwa sasa ina watumiaji wanne, mmoja wao mimi mwenyewe. Msiniulize tena kwa nini sikutumia Python, lugha ya programu iliyozoeleka. Nilitaka mtu anayepanga bei ya samaki aweze kuisoma kanuni yake mwenyewe na kusema "hapa siyo", bila kunisubiri mimi nimtafsirie.

Kipande chenyewe kilichotusumbua ni hiki:

```
weka bei = 10000
kama daraja ni 2 basi
    weka bei = bei_ya(daraja)
    jumla = uzito * bei
    chapa jumla
mwisho
```

Tazameni hizo `bei` mbili. Ya nje ni bei ya siku. Ya ndani ni kigeu (jina linalobeba thamani) kipya kabisa, kimezaliwa ndani ya `kama` na kitakufa kwenye `mwisho`, na kwa muda huo mfupi kinamfunika mwenzake. Majina yamefanana, watu ni wawili. Nani hajawahi kuingia kwenye daladala la Buzuruga, akaita "Mama Juma", wakageuka watatu?

Mzani haizungumzi na mashine moja kwa moja. Inageuzwa kuwa lugha ya C, kisha gcc, kompaila inayoigeuza C kuwa maagizo ya mashine, inaipeleka kwenye kile kikompyuta kidogo kinachokaa pembeni ya mzani. Katika safari hiyo majina yanabadilishwa ili yasigongane: `bei` ya nje inakuwa `mz_bei_1`, ya ndani `mz_bei_2`. Ukiifungua programu hiyo kwa GDB, dibaga tunayoitumia, bila maandalizi, unaonyeshwa C ambayo hakuna binadamu aliyeiandika, imejaa `mz_t12` na `mz_t13`.

Wiki yake ya kwanza binti aliitazama C ile kidogo, akasema, "Hii siyo programu yangu."

Alikuwa na haki. Ndipo nikaamua kuifundisha GDB lugha yetu.

## Mistari ni kazi ya jioni moja

Sehemu ya kwanza ni rahisi kiasi cha kukufanya ujione fundi. Kompaila inapotengeneza programu, inaweza kuambatisha taarifa za ziada za dibaga kwa mpangilio unaoitwa DWARF. Jina ni utani: faili zenyewe ni za mpangilio wa ELF, na hao wawili ni viumbe wa hadithi za Ulaya. Ndani yake mna jedwali linalosema anwani hii ya mashine inatoka mstari huu wa faili hili. Ukiingiza maagizo ya `#line` katika C unayoizalisha, gcc inaandika kwenye jedwali jina la faili lako na mstari wako, si wa ile C.

Nilimaliza kabla ya chakula cha usiku. Ukiweka kituo mstari wa 41 wa faili la Mzani, programu inasimama hapohapo. Na kituo chenyewe ni hila ya kizamani inayopendeza: kwenye kompyuta zetu za kawaida dibaga inaikopa baiti moja ya programu, inaweka 0xCC mahali pake, na mashine ikiikanyaga inasimama. Kisha dibaga inairudisha baiti ya watu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Usiku ule nililala nikijua nimemaliza.

## Samaki wa milioni mia na ishirini na nne

Asubuhi binti akaandika `print uzito * bei`.

Katika Mzani uzito ni kilo, lakini ndani ya mashine tunautunza kwa gramu, namba nzima, kwa sababu sitaki desimali zinazoyeyuka. Kompaila yetu inajua kugawa kwa elfu. GDB haikujua. Kwake zile zilikuwa namba mbili za C, ikazizidisha: 12450 mara 10000. Sangara mmoja, shilingi milioni 124.5.

"Huyu tungemuuza tukafunga duka," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia wapi. Kumwonyesha mtu mstari wake ni kumwonyesha picha tu. Dibaga inayoijua lugha inapaswa kujibu maswali kwa lugha hiyo: jina hili linamhusu nani hapa, thamani hii inaandikwaje, alama hii ya kuzidisha ina maana gani kati ya kilo na shilingi, na `na`, `au` na `ni` zinafanya nini. GDB, ambayo Richard Stallman aliianza mwaka 1986, ina lugha kadhaa ndani yake, na kila moja imekuja na mzigo wake: kichanganuzi cha kusoma unachoandika, namna ya kuchapa thamani, namna ya kuchapa aina. Lugha ya Rust iliingia toleo la 7.12, mwaka 2016. Nilifungua msimbo wa Rust, nikaona ulivyojaa, nikaufunga, nikatoka kwenda kununua maandazi.

Kuna njia ya mkato kwa Python, unaipamba tu namna thamani inavyoonekana. Niliijaribu. 12450 ikaonekana kama kilo 12.45, vizuri kabisa, lakini ukizidisha unarudi kwenye samaki wa milioni. Uso ulikuwa wetu, kichwa bado cha C.

Basi nikashika kazi yenyewe, usiku baada ya usiku, hasa nyakati za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa haitoki, mwaloni panapoa, na simu za "mashine imegoma" zinapungua.

## Pasipoti ya Cobol

Kabla ya kisa cha uongo mkubwa, niungame mdogo.

GDB inajuaje faili hili ni la lugha gani? Inasoma namba. Kila lugha ina namba yake katika DWARF. C tunayoizalisha inaandikwa 29. Lugha zisizo na namba rasmi zimetengewa eneo lao, kuanzia 32768. Nikasema sawa, nitalifungua faili la asembli (maagizo ya mashine kwa maandishi) linalotoka gcc, niifute 29, niweke namba yangu kutoka eneo la wageni.

Namba 29 inakaa katika baiti moja. 32768 inahitaji mbili.

Niliongeza ile baiti moja na kila kitu kikaanguka. Taarifa za DWARF zinaelekezana kwa umbali: "aina ya kigeu hiki iko hatua 87 kutoka mwanzo". gcc huziandika hatua hizo zikiwa zimeshahesabiwa. Ukipenyeza baiti moja mlangoni, nyumba zote zilizo mbele zinasogea hatua moja, na kila aliyeelekezwa anagonga mlango wa jirani. Kwa siku mbili `uzito` wangu ulikuwa wa aina isiyoeleweka na `daraja` ilikuwa nusu ya jina la faili.

Nikachoka, nikatafuta namba ya baiti moja ambayo GDB haina kazi nayo. 5. Ni ya Cobol ya 1974, lugha kongwe ya kompyuta. Katika nakala yangu ya GDB nikaandika: ukiona 5, hiyo ni Mzani. Ikafanya kazi mara moja, na mpaka leo kanuni za bei za samaki wa Kirumba zinasafiri na pasipoti ya Cobol.

Nilicheka. Sikujiuliza sana kwa nini hati ya uongo ilinipa usingizi mzuri hivyo.

## Wema wangu

Sasa zile `bei` mbili.

Kikompyuta chetu ni dhaifu, kwa hiyo tunaiambia gcc iubane msimbo. Kompaila inayobana haitunzi kitu kisichotumika tena. `mz_bei_2` ikishazidishwa na uzito, kazi yake imekwisha, na rejista iliyoibeba, kijisanduku ndani ya prosesa, inapewa mzigo mwingine. DWARF inalijua hilo na inaliandika kwa uaminifu: kuanzia anwani hii mpaka hii, thamani iko katika rejista fulani, baada ya hapo, hakuna mahali. Ukiuliza ukiwa nje ya mpaka huo, GDB inakujibu kwa Kiingereza kwamba kigeu kimeondolewa na kompaila.

Binti alilichukia jibu hilo. Anaweka kituo, anauliza, anaambiwa hakuna. Anasogea mstari mmoja, hakuna. "Kaka, hii dibaga yako inajua kusema hapana tu."

Nikaona aibu. Unafanya kazi miezi mitatu, mwanafunzi wako anapewa hapana.

Basi nikaandika mistari ile kumi na moja. Kichanganuzi kikikutana na jina la Mzani, kinatafuta majina ya C yanayolingana nalo, kuanzia ya ndani kwenda nje. Wa kwanza mwenye thamani inayosomeka ndiye anayejibu. Kama wa ndani hasomeki, mwite wa nje.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho. Mimi niliiandika, nikaisoma, nikaijaribu, nikaifurahia. Zile hapana zikapungua sana.

Mstari wa 41 ni `chapa jumla`. Pale `bei` ya ndani imeshaondoka, ikiwa na sufuri yake iliyotoka katika safu tupu ya orodha ya bei. Binti akauliza `bei`. Dibaga haikuwa nayo. Ikamwita jirani mwenye jina hilohilo, mzima, ana elfu kumi mkononi. Jibu likatoka safi, halina alama yoyote kwamba limetoka nyumba nyingine.

Jibu lingekuwa takataka, tuseme hasi bilioni mbili, binti angeshtuka. Elfu kumi ilikuwa bei halali ya siku ile. Nani angeitilia shaka?

## Haipo, haiko, haimo

Kuifuta mistari kumi na moja ni sekunde. Kilichonichukua siku nzima ni neno la kuweka mahali pake.

Kwanza niliandika "haipo". Binti akasoma, akarudi kwenye faili: "Mbona ipo? Si hii hapa, mstari wa 39?" Kweli ipo. Ameiandika mwenyewe. "Haiko" nayo inamtuma mtu aende kutafuta kwingine, na hakuna kwingine. "Imefutwa" inamtafuta mhalifu. "Haijulikani" ilikuwa karibu, ila inasikika kama tangazo la polisi.

Nilikuwa ndani ya daladala kutoka Igoma, nimebanwa dirishani, konda akapaza sauti kwa abiria aliyemtafuta mwenzake: "Huyo hayumo humu, ameshashuka!"

*Haimo.* Hatusemi haikuwahi kuwapo, wala hatukutumi kwingine. Ilikuwa ndani, sasa haimo. Ujumbe wetu leo unasema: "bei haimo tena, ilikuwamo mpaka mstari wa 40." Hiyo sehemu ya pili naweza kuisema kwa sababu DWARF yenyewe imeandika mpaka unapoishia. Miezi yote nilikuwa na jibu la kweli lenye manufaa kuliko uongo wangu, na sikulisoma.

Sijamaliza, lakini. Tukijenga bila kubana msimbo, dibaga ina uongo mwingine ambao sikuuleta mimi. Uliza kigeu kabla mstari wake haujafika: mahali pake pameshatengwa, pana masalia ya kazi iliyopita, na DWARF inasema kigeu kinaishi hapo kwa muda wote wa kipande hicho. Utapewa masalia. Ninaweza kuilazimisha kompaila yetu iweke sufuri mapema kila mahali, lakini sufuri nayo ni jibu, na sisi tumeshaona sufuri inavyoweza kuwa na maana. Kwa sasa naweka tahadhari ikiwa mstari ulipo uko juu ya mstari wa `weka`. Ndani ya vitanzi tahadhari hiyo inakosea. Najua inapokosea, sijajua niiache au niitoe.

## Kaunta buku

Kilichonizuia kulala hakikuwa GDB.

Mwaka jana nilipewa kazi na kikundi kimoja cha wauza samaki: madaftari yao ya miaka miwili yaingie kwenye mashine. Yalikuwa kaunta buku nne, zimevimba kwa unyevu, zimeandikwa na karani mmoja, mzee ambaye sasa amepumzika na anakaa kwa mwanawe Nyegezi. Mwandiko wake ni wa watu waliosoma kwa viboko, kila namba imesimama wima. Na hapa na pale, kwenye safu ya kilo, hakuna namba. Kuna kistari.

Mzani yangu haina thamani tupu. Kilo lazima iwe namba. Programu ilipokataa kistari cha kwanza, nikaweka kilo za siku iliyotangulia. Cha pili vilevile. Baadaye nikaandika kanuni ifanye yenyewe, nisisumbuke.

Grafu zilitoka bila pengo hata moja. Kikundi kilifurahi, nikalipwa.

Mnaona. Mistari kumi na moja ya dibaga haikuwa bahati mbaya ya usiku mmoja. Ni mkono uleule.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nyegezi. Nilimwamkia, nikakaa, tukaongea mvua na bei ya mabondo, nikamfungulia kaunta buku ya pili na kumwonyesha kistari kimojawapo. Nikamuuliza hapa palikuwaje.

Akavaa miwani. "Hapo nilikwenda kuswali. Samaki walipimwa, mimi sikuwepo mzani."

"Hawakukuambia kilo ngapi?"

"Waliniambia." Akanitazama kama mtu anayengoja nimalize kuelewa. "Kila mmoja na zake."

Sikuwa na la kujibu, nikamwonyesha kistari kingine. Hicho alikumbuka mvua, kalamu iligoma. Kingine hakukumbuka kabisa, akasema kiache hivyohivyo.

Nimeshaongeza thamani tupu kwenye Mzani. Nimeiita `kistari`, na ukizidisha chochote kwa kistari unapata kistari. Binti amelalamika kwamba jumla za mwezi mzima sasa zinageuka vistari kwa siku moja tu iliyokosekana, na hapo tunabishana. Nadhani atashinda yeye. Lakini ile kanuni yangu ya kujaza haikuacha alama yoyote mahali ilipojaza, kwa hiyo hakuna njia ila kurudi kwenye karatasi. Kikundi nimekiambia. Hawakufurahi.

Tunafanya jioni. Yeye anashika kaunta buku, mimi kompyuta. Tuko Machi ya mwaka wa kwanza.

"Tarehe tisa."

"Mia tatu na kumi na mbili," nasema, nikisoma skrini.

"Kistari."

Nafuta.

"Tarehe kumi."

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Hiyo—ngoja." Anasogeza taa. "Hiyo nayo kistari."